Python: sys.path.append, PYTHONPATH au pakeji kamili? Mteja anataka mfumo kwenye seva Jumatatu

duka_mtandaoni:
Wakuu, habari za leo. Nina programu ya mauzo ya duka niliyoandika kwa Python. Ilikuwa faili moja, ikakua, nikaigawa kwenye folda. Nikibonyeza kitufe cha kuendesha ndani ya PyCharm (programu ya kuandikia msimbo) inakubali. Nikitumia dirisha la amri inagoma: `ModuleNotFoundError: No module named 'hesabu'`. Nimekutana na njia tatu za kuionyesha Python moduli zilipo: `sys.path.append` juu ya kila faili, PYTHONPATH (kigezo cha mfumo chenye orodha ya folda), au kuigeuza pakeji kamili inayosakinishwa. Nichukue ipi?

fundi_seva:
Mkuu, bado hujatuambia kitu. Folda umezipangaje? Unatoa amri gani, ukiwa folda ipi? Python toleo gani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

duka_mtandaoni:
```
duka/
    hesabu/bei.py
    ripoti/mwezi.py
```
Nikiwa ndani ya `duka` naandika `python ripoti/mwezi.py`. Ndani yake kuna `from hesabu.bei import jumla`. Python 3.11, laptopu ni Windows.

binti_wa_pwani:
Tatizo limeshaonekana. Ukiita faili moja kwa moja, Python inatanguliza kwenye `sys.path` (orodha ya folda inakotafuta moduli) folda lilimo faili hilo, yaani `ripoti`, siyo folda uliyopo wewe. Humo hakuna `hesabu`. PyCharm inakubali kwa sababu yenyewe huongeza folda kuu ya mradi kwenye njia. Kaa hapo hapo ndani ya `duka`, andika `python -m ripoti.mwezi`, bila `.py`. Hutagusa hata mstari mmoja.

mpenda_nukta:
Mimi ningetumia nukta: `from ..hesabu.bei import jumla`. Ukibadilisha jina la folda kuu, msimbo haubomoki.

binti_wa_pwani:
Kaka, kwa mpangilio wake hiyo itakufa. Akiendesha kutoka `duka`, `ripoti` ndiyo pakeji ya juu kabisa, kwa hiyo nukta mbili hazina pa kupanda: `attempted relative import beyond top-level package`. PEP 8 (mwongozo rasmi wa mtindo wa Python) yenyewe inapendekeza njia kamili, nukta inaziruhusu tu.

mpenda_nukta:
Inaziruhusu, basi. Apande folda moja juu, aendeshe `python -m duka.ripoti.mwezi`, nukta zitafanya kazi vizuri kabisa.

fundi_seva:
Nukta tuziache kwanza. Kwenye seva, PYTHONPATH usiiguse. Niliwahi kuitwa ofisi fulani, mfumo wa ankara ulikuwa hautoi chochote usiku. Aliyeusimika alikuwa ameweka PYTHONPATH ndani ya `.bashrc`, faili la mipangilio ya dirisha la amri. Mtu akiingia na kuendesha kwa mkono, safi. Cron (kiendesha kazi kwa ratiba) ikiendesha yenyewe, kimya, kwa sababu cron haisomi `.bashrc`. Makosa nayo yalikuwa yanatupwa `/dev/null` (shimo la kutupia matokeo), kwa hiyo hakuna aliyeona lolote. Wahasibu wakawa wanaandika ankara kwa mkono hadi mwisho wa mwezi. Tulipoelekeza njia upya, hesabu zikatoka na bei za zamani! Nikachapisha `bei.__file__` nikakuta Python inasoma nakala ya mwaka uliopita, iliyotangulia kwenye orodha ya njia. Tena wewe unatoka Windows: huko njia hutenganishwa kwa `;`, Linux kwa `:`.

mama_data:
Naunga mkono pakeji. Hamisha kila kitu kwenye `src/duka/`, weka `pyproject.toml` (faili la maelezo ya pakeji), tengeneza venv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi), kisha `pip install -e .` Kila mahali utaandika `from duka.hesabu.bei import jumla`, hata cron itaelewa, mradi iite Python ya ndani ya venv. Usiache `hesabu` na `ripoti` zikae wazi kando ya `pyproject.toml`, setuptools (zana ya kujenga pakeji) itakataa ikiona pakeji mbili za juu.

mgeni_hapa:
Na `__init__.py`, faili la kuonyesha kuwa folda ni pakeji, je? Nimesikia siku hizi si lazima.

mama_data:
Si lazima tangu 3.3, mwaka 2012. Lakini iweke. `find_packages()` ya setuptools inaruka folda isiyo nayo, na utahangaika kujua moduli yako imepotelea wapi.

mpenda_nukta:
Kwa faili mbili tu, hayo yote ni mzigo. `-m` inamtosha.

fundi_seva:
Leo ni mbili. Ameshasema imekua.

mgeni_hapa:
Samahani kuingilia. Mimi `import csv` inakubali, ila `csv.reader` inasema haipo.

binti_wa_pwani:
Angalia kama una faili lako linaloitwa `csv.py` humo humo. Libadilishe jina. Python 3.13 inakutahadharisha yenyewe kwenye ujumbe wa kosa.

mgeni_hapa:
Lipo kweli! Asante sana dada.

duka_mtandaoni:
`-m` imekubali, shukrani. Ila nimempigia mteja sasa hivi, anasema seva yake haina intaneti. Hiyo `pip install` itawezekana?

mama_data:
Inawezekana kwa faili za wheel (pakeji zilizokwisha kujengwa), unazibeba kwenye flashi. Programu yako inategemea maktaba gani za nje? Na seva ina Python toleo gani?