Naombeni ushauri: Ford Capri 3000 ya marehemu baba imelala miaka 19 hapa Malindi, nianzie wapi?

MtotoWaBarani

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo.

Marehemu baba ametuachia Ford Capri 3000 ya mwaka 1973. Injini ni V6 ya lita 3, gia nne za mkono, usukani kulia. Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akifunga nyumba yake huku arudi Uingereza. Utotoni tukiketi barazani tuliijua kwa mngurumo kabla haijapinda kona ya msikiti. Mwaka 2006 ilichemka karibu na Gede, ikavutwa hadi nyumbani, baba akaiingiza chini ya banda la makuti akasema ataishughulikia baada ya Ramadhani. Haijatoka tena. Yeye amefariki mwaka jana.

Hali yake ni hii. Injini sijaizungusha. Ukifungua boneti, zile sehemu mbili za juu zinazoshika springi za mbele zimeliwa na kutu, na upande wa kushoto kidole kinapenya. Sakafu ya dereva ina tundu kubwa kama sahani. Paa na milango ni mizima. Kitabu cha gari nimekikuta kwenye kasha la mama, jina bado ni la baba. Nina laki mbili na nusu, na kila mwezi naweza kuongeza elfu kumi na tano.

Fundi mmoja anataka aibomoe yote hadi ibaki bodi tupu, aisugue na kuipiga rangi, ndipo tuje kwenye injini. Mwingine, wa mashua za faiba, asema matundu yote atayaziba kwa siku mbili, elfu kumi na nane. Binamu yangu naye ananiambia nitoe hiyo V6 nitie injini ya Toyota.

Sitaki gari ya maonyesho. Nataka itembee, nimpeleke mama Mambrui kwa ndugu zake. Magoti yanamsumbua na tuktuk inamtikisa sana. Nisaidieni.

ChumaChaZamani

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Nakuomba sana usiibomoe. Mwaka 2011 nilibomoa Ford Cortina yangu kwa ushauri kama huo huo. Vipande vikaingia kwenye makatoni, nikahama nyumba mara tatu, skrubu zikapotea, pesa zikaishia kwenye rangi ya bodi isiyo na magurudumu. Mwishowe aliyeichukua alikuwa mnunuzi wa chuma, kwa kilo. Gari inayojiwasha na kusimama kwa breki zake, hata iwe na sura mbaya, utaendelea kuitengeneza. Iliyo vipande itakuchosha.

KaratasiKwanza

Kabla hujanunua hata plagi, shughulikia umiliki. NTSA, mamlaka ya serikali inayoandikisha magari, haihamishi gari ya marehemu kwa maneno ya familia, wanataka hati ya mirathi. Kwa kuwa nyinyi ni Waislamu, mwaweza kwenda kwa kadhi hapo hapo Malindi. Chukueni cheti cha kifo, kitabu cha gari, na warithi wote wakubaliane mapema gari inakwenda kwa nani. Nasema warithi wote, pamoja na dada zako walioolewa mbali. Nimeona gari ikitengenezwa kwa jasho la mtu mmoja, na siku ilipoanza kung'aa, watu saba wakakumbuka kuwa ni ya baba yao.

Gari za namba zile za kale, zisizo na herufi ya mwisho, nazo zina kazi yake. Ya kwangu haikuonekana kabisa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mpaka kumbukumbu zikatafutwa, na hilo lilinichukua miezi. Anza sasa, fundi akiendelea.

MkerezaMstaafu

Sikiza mwanangu. Injini hiyo inaitwa Essex, nimeifungua mara nyingi. Ni chuma kizito na ina subira, lakini usiguse stata. Ukiizungusha kwa betri hali ringi zimeshika kutu, utavunja kitu.

Toa plagi zote sita. Kila silinda itie vijiko viwili vya oili ya gia otomatiki, uiache wiki nzima. Baadaye weka gia huru, shika ile nati kubwa ya puli ya krankshafti kwa spana ndefu, uvute taratibu kwa mkono kufuata saa, ukiwa umesimama mbele ya gari. Ikikataa usilazimishe. Ongeza oili, ngoja wiki nyingine.

Ikizunguka, fungua kifuniko cha mbele kabla ya kufurahi. Injini hii haina cheni. Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inaendeshwa na gia, na gia ile kubwa kiwandani waliifanya ya faiba ili isipige kelele. Uzee na joto huikausha, meno yakakatika siku moja bila onyo. Yako imechemka, kisha imelala miaka 19. Itupe, tia ya chuma au alumini. Hapo hapo utazame ule mtaimbo mdogo wa pembe sita unaoendesha pampu ya oili. Pembe zikiwa zimelika, badilisha, kwa sababu ukikatika injini haina oili tena.

Petroli iliyomo kwenye tangi sasa ni gundi. Ifungie nje kabisa, ulishe injini kwa mtungi mdogo na mpira mpya, na kabureta, ambayo ni Weber, ifunguliwe ioshwe. Waya za plagi zikikuchanganya, mpangilio wa kuwaka ni 1-4-2-5-3-6.

Jambo la petroli isiyo na risasi watu watakutisha nalo. Ni kweli viti vya valvu vya injini hii ni laini, na Kenya iliachana na petroli ya risasi kufikia 2006, yaani gari yako ililala wakati ule ule. Lakini usitoe vichwa kwa ajili hiyo leo. Endesha, pima nafasi za valvu kila baada ya muda. Zikianza kubana, ndipo utie viti vigumu.

Mwisho nikuulize: baba alikuwa akitia maji gani kwenye rejeta?

MtotoWaBarani

Shukrani sana mzee wangu. Maji yalikuwa ya kisima cha nyumbani.

MkerezaMstaafu

Basi ndicho kilichoichemsha. Visima vyetu vya pwani vina chumvi na chokaa. Rejeta ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa, usiimwagie dawa tu. Thermostati mpya, mipira yote mipya. Kuanzia leo maji ya mvua au ya betri, pamoja na kulanti.

InjiniNyepesi

Kwa heshima zote, mimi niko upande wa binamu. V6 ya miaka 50 inakunywa, na fundi wake akifariki umeisha. Injini ya Toyota spea zake zimejaa Mombasa.

ChumaChaZamani

Injini ya Toyota haiji peke yake kaka. Inakuja na gia yake, shafti ya kukatwa, mikono ya kushikia injini ya kuchomelewa, waya zake, na namba mpya ya injini ya kwenda kuandikisha. Mwenzetu bado hata jina kwenye kitabu hajabadilisha. Spea za Essex zipo. Afrika Kusini waliendelea kuiunda injini hii na kuitia kwenye Cortina na Sierra zao miaka mingi baada ya Uingereza kuacha. Capri zenyewe zilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1986, na Uingereza hadi leo kuna watu wanafinyanga vipande vya bodi, hivyo vya kushikia springi vikiwemo.

FaibaWatamu

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya faiba, nimeunda na kuziba mashua zaidi ya miaka kumi. Kaka, mwambie huyo fundi hapana. Faiba haishikani na kutu. Utaona uso laini, umepakwa rangi vizuri, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa pasipo mtu kuona. Pale juu ya springi uzito wote wa mbele ya gari unapumzika. Ukipiga shimo moja barabara ya Mambrui, springi inatokea kwenye boneti, na mama yako ameketi hapo. Nikikubali kazi hiyo kwa elfu kumi na nane nitakuwa nimekudhulumu.

Kata mpaka ufike chuma kizima, uchomelee chuma kipya kwa mashine ya gesi, si ya vijiti. Chuma cha bodi ni chembamba na vijiti vitakitoboa. Sakafu vile vile. Mimi nitafute siku ukitaka dashibodi iliyopasuka.

Na ikishamalizika, usiifunike turubai la plastiki. Linafuga unyevu. Kivuli chenye upepo, na chini ioshwe kwa maji matamu, hasa msimu wa kusi.

MtotoWaBarani

Nimerudi baada ya wiki tatu. Dada zangu wote wamekubali kwa maandishi iwe ya mama, na faili iko kwa kadhi.

Injini ilikataa wiki ya kwanza. Siku ya kumi na mbili, baada ya alfajiri, nilivuta spana ikasogea kama upana wa kidole, nikaketi chini. Sasa inazunguka mizunguko mizima kwa mkono mmoja. Nimefungua kifuniko cha mbele kama mzee alivyosema: gia ya faiba ina ufa kutoka katikati hadi kwenye jino. Nimeagiza ya alumini. Rejeta ilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imejaa unga mweupe.

Mchomeleaji nimempata, ana mashine ya gesi, kwa pande mbili za mbele na sakafu ataka elfu sitini na tano. Naona ni haki. Gia ikifika nitaifunga na kujaribu kuiwasha kwa mtungi. Mama ameshauliza mara mbili ni siku gani.

MkerezaMstaafu

Alhamdulillahi. Iwashe ikiwa imesimama juu ya mawe, magurudumu hewani, dakika chache usikie presha ya oili. Lakini isitoke bandani. Breki hujazitaja hata mara moja. Mpira wote ndani ya silinda kuu na za magurudumu umekufa, oili yake imenyonya maji miaka 19. Zifungue zote, mipira mipya, paipu mpya. Na matairi soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka. Ukishapata hivyo, niandikie nije nikae upande wa abiria, twende mpaka Sabaki na kurudi kabla mama hajapanda.