Sanduku la usukani la Hilux ya 1982: kulifungua au kutafuta jingine?

Mwenye pikapu, Bukavu

Waheshimiwa mafundi, ninayo Toyota Hilux ya mwaka 1982, yenye ekseli nzima mbele na usukani usio na pampu. Usukani unacheza karibu upana wa kiganja kabla magurudumu hayajaitikia, na katika mteremko wa Ngomo, njia ya Kamanyola, inanilazimu kuurekebisha kila mara ili gari libaki upande wake. Fundi mmoja alikaza skrubu iliyo juu ya sanduku. Mchezo ulipungua, lakini sasa usukani ni mzito kwenye kona na haurudi wenyewe. Oili nayo inavuja chini. Je, nilifungue sanduku hili, au nitafute jingine lililotumika?

Fundi wa Kadutu

Ndugu, gari huenda moja kwa moja muda mrefu kuliko linavyokata kona, kwa hiyo meno ya shafti ya sekta, ile fupi inayotoka sandukuni kuelekea magurudumu, huliwa zaidi katikati. Skrubu ile huyasogeza meno hayo kuelekea nati ya gololi, inayotembea juu ya shafti ndefu ya sanduku kwa kubebwa na gololi. Ukiikaza hadi mchezo wa katikati uishe, meno ya pembeni, ambayo bado ni mazima, yanabanana. Ilegeze kabla hujashuka tena Ngomo, kwa sababu usukani unaokwama kwenye kona ni hatari kuliko unaocheza.

Usifungue kitu kabla ya kupima. Mtu autikise usukani huku na huku, injini imezimwa na magurudumu yako chini, nawe uangalie kutoka chini ya gari. Mkono wa usukani, yaani chuma kilichofungwa kwenye shafti ya sekta nje ya sanduku, ukisogea bila gurudumu kuitikia, kosa liko kwenye rotuli, yaani viungo vya fimbo zinazogeuza magurudumu. Shafti ya juu, inayotoka kwenye usukani, ikizunguka huku mkono umetulia, kosa ni la sanduku. Kagua pia boliti za sanduku na chesi penyewe zinapofungwa, maana pikapu za umri huo hupata nyufa hapo.

Mwenye pikapu, Bukavu

Asante, Papa. Skrubu imelegezwa. Boliti na chesi ni imara, rotuli hazina mchezo, lakini shafti inazunguka huku mkono umetulia.

Mkerezaji wa Lubumbashi

Basi lifungue. Tia alama kwenye mkono na shafti yake kabla ya kuvitenganisha, na utumie pula, yaani kifaa cha kuvutia, si nyundo, kwa sababu mapigo hufika hadi kwenye beringi. Ukishatoa shafti ndefu yenye nati ya gololi, ishike kwa ulalo. Ikisimama, nati hushuka kwa uzito wake na kugonga mwisho, ikavunja mirija inayorudisha gololi.

Osha, kausha, kisha kagua njia ya gololi. Ikiwa na vishimo, shafti na nati hubadilishwa pamoja, wala hakuna ujanja mwingine. Ikiwa laini, utahitaji beringi, bushi na sili (mpira unaozuia oili isivuje) tu. Pitisha ukucha mahali sili inapokaa: ukihisi mfereji, sili mpya itavuja kama ile ya zamani hadi sehemu hiyo irekebishwe. Asikushawishi mtu kuyajaza meno kwa kulehemu. Chuma hicho kimefanywa kigumu kwa moto, na kikipashwa tena ovyo hupoteza ugumu wake au hupasuka.

Katika kurudisha, rekebisha kwanza beringi za shafti ndefu, ndipo ugeukie skrubu ya juu, sanduku likiwa katikati kabisa: hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, urudi nusu. Jaza oili ya SAE 90. Wengine hushindilia grisi ili isivuje, lakini grisi ikisukumwa pembeni na meno hairudi.

Dereva wa njia ya Uvira

Mimi ningenunua sanduku lililotumika na kuokoa muda. Ila mwenzetu ajihadhari: vipuri vingi vinavyotoka nchi jirani za mashariki ni vya magari yenye usukani wa kulia, na sanduku lake halifungiki upande wetu wa kushoto.

Fundi wa Kadutu

Sipingi, lakini sanduku la mtu mwingine nalo limeliwa katikati. Kabla ya kulipa, zungusha shafti yake kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Sanduku zima hukaza kidogo linapopita katikati. Lisipokaza hapo, mwachie muuzaji.