Mwalimu wa twisheni kamkata mwanangu maksi kwa neno "erase", kumbe yeye ndo hajui

Wakuu nimevurugwa hapa. Dogo wangu yuko la sita, twisheni ya kiingereza nalipa kila wiki bila kukopa, juzi kapewa homuweki aeleze "erase" maana yake nini na limetoka wapi. Tukakaa na kamusi, akaandika mwenyewe kwamba ni kufuta, asili yake Kilatini "eradere", yani kukwangua kitu kitoke. Leo daftari limerudi na likosa jekundu hiloo, pembeni mwalimu kaandika limetokana na eraser, yani raba.

Jamani, mtoto kamzaa mama?? Raba yenyewe ya juzi tu, 1770 ndo Priestley, mwanasayansi kule Uingereza, anaandika kwamba kaona kitu kinauzwa kinafuta penseli safi, kabla ya hapo watu walikuwa wanafutia mkate, ndio mkate, ile laini ya ndani. Na "erase" waingereza walikuwa nalo zaidi ya miaka 150 nyuma ya hapo, sasa litatokaje kwenye kitu ambacho hakijakuwepo?

Zamani Ulaya walikuwa wanaandika kwenye ngozi, ya kondoo au ndama, ukikosea wino umeshanywewa hautoki kwa kitambaa, kwa hiyo mwandishi anakaa na kisu, anakwangua juu juu anaandika tena palepale. Hiyo "radere", kukwangua, iliyo ndani ya "eradere" ndo imezaa na "razor", wembe. Na sisi wa shule ya msingi tulikuwa tunafanya nini? Umekosea kwa peni, unakata kiwembe nusu, unakwangua taratibuuu huku unapuliza vumbi, ukizidisha tu karatasi inatoboka. Ile ndo "erase" yenyewe sasa, dogo alikuwa sahihi mia kwa mia. ("Delete" ni ukoo mwingine kabisa, hilo ni la kuangamiza kwa Kilatini, ndo neno alilokuwa analililia Cato, mwanasiasa wa Roma ya kale, kwamba mji adui wa Karthago uvunjwe, angechanganya hayo mawili ningemwelewa.)

Nimempigia kistaarabu kabisa, shikamoo mwalimu na nini, ananijibu mzazi usinifundishe kazi, akakata.

Nikarudi kwenye daftari kwa hasira nikalinyanyua kwenye taa. Maksi kaandika 7. Chini ya ile 7 kuna 9 inaonekana vizuri tu, kaikwangua kwa wembe mpaka karatasi imelainika kama tishu.