Naomba ushauri: nimeamka mara mbili, sasa sina hakika kama nimeamka

Mwanika Karafuu
Assalaam alaykum. Msinicheke, na anayetaka kunambia nikasomewe, nishasomewa.

Niko Wete, Pemba, msimu huu nawasaidia wazee kuanika. Juma lililopita niliamka alfajiri, nikatia udhu, nikatoka uani kukunjua jamvi. Karafuu zishaanza kugeuka rangi. Nikaokota moja nikaitafuna, ulimi ukafa ganzi kama kawaida. Halafu nikaamka. Niko kitandani, udhu sina, na jamvi limekunjwa tokea jana yake kwa sababu ya mvua.

Ndoto za ajabu nimeota nyingi, hizo hazinishughulishi. Hii imenikaa kwa kuwa haikuwa na ajabu yoyote. Ile ganzi haikupishana hata chembe na ya mchana. Sasa kila nikishika kitu najiuliza, nitajuaje kwamba kipo na si kichwa changu tu? Juzi nilimtazama mama anakuna nazi, nikawaza kama yupo. Aibu, lakini ndivyo nilivyowaza.

Kuna aliyewahi kuthibitisha kwamba dunia ipo? Nataka hoja, pole nishapewa.

Yakhe wa Darajani
Yakhe, kipige teke kiguu cha kitanda. Kikikuuma, kipo.

Mwanika Karafuu
Karafuu ilinitia ganzi usingizini, teke ndo lishindwe kuuma?

Yakhe wa Darajani
Basi uliza watu. Ukikiona peke yako, ndoto. Mkikiona nyote, kipo. Mbona rahisi.

Bi Mkoani
Yakhe, mwaka 1995 ulikuwa wapi wewe? Sisi huku Pemba tulilala nje, vitanda tumeviacha ndani, tumekoka moto na watoto katikati, kwa hofu ya popobawa, lile jini lililosemwa huwavamia watu usiku. Mtu anasimulia kaelemewa kifuani, mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na jirani naye anakwambia hayo hayo. Leo nikisikia jinamizi linaelezwa kuwa akili imeamka na mwili bado umelala, naelewa. Lakini wakati ule ungetaka mashahidi ungepata mtaa mzima. Tena hao mashahidi kijana atawaona kwa macho yale yale anayoyashuku.

Mwanangu wa Wete, simkatazi mtu kuuliza. Unalala saa ngapi?

Mwanika Karafuu
Saa saba, saa nane. Usiku tunachambua karafuu na makonyo yake, Bi.

Bi Mkoani
Haya. Anzia hapo, hoja zitakuja.

Msoma Falsafa
Swali lako lina wenyewe. Descartes, Mfaransa, aliliandika mwaka 1641: nimekaa karibu na moto, nimevaa nguo zangu, lakini mara ngapi nimeota haya haya nikiwa nimelala? Mwishoni mwa kitabu hicho hicho anasema tofauti ipo kwenye kuungana. Mambo ya mtu akiwa macho yanaungana na kumbukumbu ya maisha yako yote, ya ndoto hayaungani. Wewe hukuijua ndoto yako kwa ganzi. Umeijua kwa jamvi.

Ila haijamaliza ugomvi. Mwaka 1787 Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika kwamba ni aibu kwa falsafa kuwa hadi zama zake kuwepo kwa vitu nje yetu kunakubaliwa kwa imani tu. Mwaka 1939, Moore, mwanafalsafa wa Kiingereza, alisimama London mbele ya wanazuoni akainua mikono: huu mkono mmoja, huu mwengine, basi vitu vya nje vipo. Watu wanamcheka hadi leo. Wanachosahau ni kuwa alikiri mwenyewe hawezi kuthibitisha kwamba ule ni mkono. Alisema kuna vitu anavijua bila ya kuweza kuvithibitisha. Hapo mie niko naye. Unachotaka wewe ni uthibitisho usioazima macho, ngozi, kumbukumbu wala mtu. Ni kumwambia mtu akupimie karafuu na pishi ya kupimia usimpe.

Mzee wa Kibarazani
Mbona mmemruka Imam Ghazali? Karne tano na zaidi kabla ya huyo Mfaransa. Alikitazama kivuli akakiona kimesimama, baada ya saa akajua kinatembea. Nyota akaiona ndogo kama dinari, hesabu zikamwambia ni kubwa kuliko ardhi. Akasema, ikiwa macho yanadanganya, na akili nayo itasadikiwa vipi? Akataja ndoto vilevile. Maradhi hayo yalimkaa karibu miezi miwili, na anasema hakupona kwa kupanga hoja, bali kwa nuru Mungu aliyoitia kifuani mwake. Wewe una juma moja tu, kijana.

Mwanika Karafuu
Shukrani nyote. La jamvi limeniingia. Lakini ndotoni hilo pengo la kutoungana sikuliona, nimeliona nishatoka. Huku nilipo sasa, pengo nitalionaje nikiwa ndani?

Msoma Falsafa
Hutaliona, na sina la kukuongopea. Ila jamvi ndilo lililokwambia kuwa ile ilikuwa ndoto. Ukilishuku jamvi, na hiyo ndoto huijui tena kama ilikuwa ndoto. Utabaki na asubuhi mbili, na sababu ya kuishuku hata moja utakuwa huna.

Mwanika Karafuu
Asubuhi mbili. Ngoja nilale nayo hiyo.

Yakhe wa Darajani
Usilale nayo, ndiko yalikoanzia yote haya.

Bi Mkoani
Na mama yako je, anajua kama ulimuwazia hayupo?

Mwanika Karafuu
Nilimwambia jana. Kanisukumia mbuzi na kifuu kilichobaki, kanambia nikune mwenyewe, asiyekuwepo hakuni nazi.