Manispaa inampiga faini mwenye mbwa aliyechanjwa, mbwa koko wa ghuba la taka haiwagusi

Wakuu, kwema? Huku kwetu si kwema. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la ufugaji, hili ni suala la utawala na hela za wananchi.

Niko pembezoni mwa Dar, manispaa siitaji, mtaijua wenyewe kwa tabia. Tunayo sheria ndogo ya kufuga mbwa na ukiisoma haina ubaya: mbwa awe na kibali, achanjwe kichaa kila mwaka, afungiwe mchana, asizurure. Mimi nilitii kila kipengele. Nina mbwa wawili wa ulinzi, kwa sababu mtaani kwetu taa za barabarani tunazisikia kwenye kampeni tu, na vibaka wanajua nani analala saa ngapi. Kadi za chanjo ninazo, ada ya kibali nililipa kwa kontroo namba, banda nimejenga la tofali na lina paa bora kuliko choo cha shule ya msingi hapo jirani.

Juzi kijana wa maji kaja na toroli lake, nimemfungulia geti, mbwa mmoja katoka kunusa tairi. Hakubweka wala hakumgusa mtu. Bahati yangu mbaya, mtendaji na mgambo wake walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Faini hapo hapo, "mbwa kakutwa anazurura". Nikaleta kadi, nikaleta kibali, nikamwonyesha banda. Najibiwa: "Mzee, sisi hayo makaratasi hatuulizi, mbwa yuko nje ya uzio."

Sawa, nikalipa. Lakini nyuma ya soko letu kuna ghuba la taka ambalo gari la manispaa linalizoa likijisikia. Utumbo wa kuku, mifupa ya buchani, mabaki ya mama lishe, vyote vinamwagwa pale. Hapo ndipo lilipo kundi la mbwa koko, wengine wana upele mpaka ngozi imekuwa ya pinki. Asubuhi wanafukuza watoto wa shule. Jirani yangu ni Muislamu, mbwa hafugi na hataki wamguse, haki yake kabisa, na yeye ndiye anayetembea na fimbo akienda swala ya alfajiri. Mgambo walipita pembeni ya hilo kundi siku ile ile. Kwa nini hawakusimama? Kwa sababu mbwa koko hana jina la kuandikwa kwenye risiti. Hiyo ndiyo sheria yetu ilivyo wakuu, inamtafuta aliyejiandikisha kwa kuwa ndiye anayejulikana anakaa wapi. Majirani wameshaliona hilo, sasa hivi ukimwambia mtu akakate kibali anakucheka.

Kila baada ya muda zikizidi kelele, wanaleta "oparesheni". Gari la matangazo linapita jioni likiharakisha, spika inakoroma, huelewi neno, na usiku nyama yenye sumu inamwagwa mitaani. Asubuhi mizoga imetapakaa mpaka kwenye mtaro ambao watoto wanachezea. Safari iliyopita aliyekufa kwa jirani yangu mwingine alikuwa mbwa mwenye chanjo, nyama ilirushwa karibu na uzio wake akaivuta kwa mguu. Halafu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Ninyi mnaofanya kazi huko maofisini, mbwa akijinyonganyonga kwa sumu barabarani usiku kucha mnaiitaje hiyo?

Na siongelei huruma peke yake, maana najua kuna watakaokuja hapa kuniambia nahurumia mbwa watu wakiwa na njaa. Ongeleeni basi watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila wagonjwa 100, 99 wameambukizwa na mbwa. Katika wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa huu dalili zikishaanza, mtu anaogopa maji, mate yanamtoka, hapo hakuna daktari wa kukusaidia.

Kinachouzima kinajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia kila mwaka. Kuua mbwa hakusaidii. Ukiua kumi pale ghubani na chakula ukakiacha, wanahamia wengine kutoka mtaa wa pili, na waliobaki wanazaa, mimba ya mbwa ni miezi miwili tu. Ukiua na waliochanjwa ndani yake, umejipunguzia kinga kwa mkono wako. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa kiliingia mwaka 1997, wakaua mbwa kwa maelfu, ugonjwa ukabaki pale pale. Na tusiende mbali, Pemba hapo! Walichanja mbwa mpaka kichaa kikaisha, kikaingia tena 2016, wakarudi kuchanja kikaisha tena. Pemba ni Tanzania hii hii. Vijiji vya pembeni mwa Serengeti navyo vimechanjiwa mbwa miaka mingi na watafiti wameandika matokeo yake. Hiyo elimu kutoka Pemba mpaka ofisi ya manispaa yetu inashindwa kuvuka bahari?

Siku ya chanjo kwetu inatangazwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ofisi ya mtaa, ndani ya mlango. Bwana mifugo anakuja na kiboksi chake cha barafu saa nne, saa saba dawa imeisha au yeye ameishiwa hamu. Mama aliyekuwa sokoni na mtoto aliyekuwa shule ndio wenye kuwapeleka mbwa, nani amewauliza wanapatikana lini? Wekeni Jumamosi na Jumapili, zungukeni mashuleni, tangazeni misikitini na makanisani, muone foleni.

Kuna mtoto hapa mtaani aling'atwa mguuni na mbwa wa lile kundi. Zahanati ya karibu chanjo hakuna. Kituo cha afya, hakuna, nendeni hospitali kubwa. Hospitali kubwa chanjo ipo, ila ya kununua, na si sindano moja, ni kadhaa kwa tarehe zake. Baba yake ni dereva wa bodaboda. Tulichangishana. Hela za vibali na faini zinazokusanywa mtaa mzima zimeenda wapi kama haziwezi kuweka hata dozi chache zahanati? (Kwa mzazi anayesoma: mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, usipake majivu wala pilipili, kisha mbio hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo.)

Na wafugaji wenzangu sitawaacha. Wewe unayemfungulia mbwa usiku "akajitafutie", mbwa wako ndiye mbwa koko wa mwenzio. Wewe unayefunga watoto wa mbwa kwenye salfeti na kuwatupa dampo kisha unakuja kulalamika mbwa wamezidi, unalalamikia uzao wa nyumbani kwako. Kuhasi mbwa kunawezekana, ulizieni kwa daktari wa mifugo.

Nilimfuata diwani. Kanisikiliza vizuri, mstaarabu, kisha akaniambia sheria ndogo "imeshapita". Najua imepita. Sheria ndogo inatungwa na baraza la madiwani, wananchi wanatakiwa kutoa maoni kabla haijaenda kwa waziri, na baraza lile lile lina uwezo wa kuirekebisha. Mimi na wenzangu tunaandika barua ya pamoja yenye mambo manne: faini isimguse mwenye kadi ya chanjo kwa kosa la mara ya kwanza, ghuba lizolewe kila siku na lizungushiwe uzio, sumu iachwe, na mapato ya vibali yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kama mapato mengine.

Aliye na nakala ya sheria ndogo ya mbwa ya halmashauri yake, popote pale, atuwekee picha ya ukurasa wa ada na faini tulinganishe. Na kama kuna mwanasheria humu, anijibu hili moja: mbwa wangu mwenye kibali na kadi akiuawa na sumu ya manispaa akiwa ndani ya uzio wangu, namdai nani, na naanzia ofisi gani?