Mrejesho: Yale madaftari niliyotaka kuyachoma

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliwauliza: nina madaftari manane ya hadithi nilizoanza nikiwa sekondari, nikitamani kuwa mwandishi, na sikumaliza hata moja. Je, niyachome? Wengi mlinisihi niyasome kwanza. Nimeyasoma.

Jumamosi niliyabeba hadi Dunga, kando ya Ziwa Victoria, nikakaa karibu na akina mama wanaokaanga samaki, magugu maji yakiwa yamejaa ufuoni. Daftari la tatu limeliwa na mchwa pembeni, wino umefifia. Humo kuna binti wa mpagazi kutoka Mombasa, anayeshuka kwenye treni hapa Kisumu mwaka 1901, reli ilipofika ziwani na mji ukiitwa Port Florence. Nilikuwa nimemwacha amesimama karibu na maji, kibuyu mkononi, na sentensi imekatikia njiani: “Akageuka, akamwona”. Basi. Alimwona nani? Miaka yote hiyo nimemsimamisha pale juani! Niliona uchungu kweli, kama niliyemtelekeza mtu.

Hadithi nyingine nyingi hazina uhai. Niliziandika kumfurahisha mwalimu wa insha, zimejaa methali tangu mstari wa kwanza. Sitazichoma, lakini sitazirudia.

Wewe uliyenishauri niandike sentensi moja tu kila usiku kabla ya kulala, asante sana, ndugu yangu. Usiku mwingine huja moja, mwingine ukurasa mzima. Niko ukurasa wa sita sasa.

Aliyemwona ni mama yake.