Chipu za kawaida kwenye ndege ya kijeshi: naombeni ushauri

Kipimajoto: Wakuu, habari zenu. Timu yetu inabuni upya bodi ya rada ya ndege ya kijeshi. Chipu ya kijeshi tuliyoizoea haitengenezwi tena. Bosi anataka tuweke ya viwandani: ina kasi zaidi, bei nafuu mno. Mimi roho inasita. Mnashaurije?

MzeeWaLehemu: Mkuu, bosi wako hajapotoka sana. Marekani yenyewe ilifungua mlango huo 1994, Waziri wa Ulinzi William Perry alipoagiza viwango vya kibiashara vipewe kipaumbele. La kujiuliza ni bodi inakaa wapi. Chipu ya kawaida hudhaminiwa nyuzi 0 hadi 70 za Selsiasi, ya viwandani -40 hadi 85, ya kijeshi -55 hadi 125. Kwenye chumba kinachopozwa, sawa. Karibu na injini, sahau.

Saketi_Fupi: Zipasheni moto mpaka 125, zitakazopona fungeni. Kwisha kazi!

MzeeWaLehemu: @Saketi_Fupi hapana bwana. Hapo umepima hizo ulizonazo mkononi tu. Kiwanda kikibadili utengenezaji kesho, jina litabaki lilelile na chipu itakuwa nyingine. Hakikukuahidi 125, humdai mtu.

Bi_Avioniki: Mmekazana na joto, hofu yangu mimi ni bati, yaani madini ya tin. Tangu sheria ya Ulaya ya kubana matumizi ya madini ya risasi (lead) ianze kazi Julai 2006, miguu ya chipu nyingi za sokoni hupakwa bati tupu. Bati hilo huota vinyweleo vya chuma, na kimoja tu kikigusa mguu wa pili ni shoti, pengine miaka kadhaa baada ya bodi kufaulu majaribio yote. Miguu ichovywe upya kwenye lehemu yenye risasi. Vanishi ya kukinga husaidia, haimalizi tatizo.

Na msinunue kwa dalali yeyote. Ripoti ya Kamati ya Majeshi ya Seneti ya Marekani ya 2012 ilikuta chipu bandia hadi kwenye kifaa cha kutambua barafu cha ndege ya P-8A.

Kipimajoto: Bodi iko puani mwa ndege, inapozwa kwa hewa. Ila ndege itaruka miaka 30, na chipu hii sidhani kama itafika hata kumi sokoni.

MzeeWaLehemu: Basi tengeni fungu la kubuni upya tangu sasa, na programu isiandikwe kwa chipu hiyo moja. Mkinunua akiba, itunzwe pakavu kabisa: plastiki inayofunika chipu hunyonya unyevu, ikikutana na joto la kulehemu hupasuka kama bisi.

Saketi_Fupi: Kumbe bei nafuu ni ya dukani tu 😅